Ng'ombe Huuzwa, Kamba Haiuzwi

Consolatha binti Nzeyimana, wa Bukiriro, wilaya ya Ngara. Baba yake ni Nzeyimana aliyepanda mibuni kwenye mteremko ambao wenzake walisema haufai hata kwa malisho ya mbuzi, na mibuni ile inazaa mpaka leo. Mama yake ni Speciosa, aliyemkimbiza karani wa mizani kwa mchi, mbele ya mnada mzima, kwa sababu mizani ilikuwa inakula kilo za watu. Naye Consolatha mwenyewe ndiye mwanamke wa kwanza kushika usukani katika kata yake. Ndiye aliyevusha Landrover ya misheni mtoni siku daraja lilipokatika, ndani amepakia wajawazito wawili. Wakaenda watatu, wakarudi watano. Ndiye aliyeendesha boza la maji mwaka wa tisini na nne, kambi za wakimbizi zilipofurika watu na visima vikakauka, na vumbi la barabara ile likamwingia kifuani halijatoka hadi leo. Aligombana na padri, akagombana na bwana ushirika, akagombana na mkwe wake, na wote watatu kila mmoja kwa siku yake walikuja kumwomba lifti.

Mtu wa namna hiyo humwulizi, "Bibi, utaweza?" Ukimwuliza umejitakia.

Nao watu walijitakia. Walianza kumwuliza tangu siku iliposikika kwamba Consolatha anataka kununua gari, tena si gari la kazi. Aliyeleta habari ya gari hilo ni Ngeleja, fundi wa Biharamulo, Msukuma mmoja mwenye kicheko kikubwa, aliyezoea kuja Bukiriro kufufua lori la ushirika.

"Bibi," alimwambia akiwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana, "kuna gari kule Nyantakara kwa mzee Ndikumana. Datsun ya zamani, ya mbio, milango miwili. Imelala ghalani miaka na miaka, na haijaoza."

"Kwa nini hujainunua wewe?"

"Ina viti vya nyuma."

"Viti vya nyuma ni ugonjwa?"

"Kwa wanaopenda magari ya mbio, ndiyo. Wao wanaililia ile ya viti viwili, fupi. Hii ilirefushwa mgongo ili watoto wakae nyuma, basi wakaiona kama bwana harusi mwenye kibyongo. Hawaitaki. Halafu rangi yake ni ya haradali. Vijana wa siku hizi wanataka Subaru, wanataka Crown. Hii hata bure wataikataa."

Consolatha akasema, "Mimi pia wamenikataa bure. Nipeleke nikalione."

Binti yake Anjelika aliposikia, aliacha kumenya ndizi, kisu mkononi. "Mama, gari ya milango miwili? Itabeba nini?"

Hilo ndilo neno lililomwasha Consolatha, na moto wake haukuzimika mwaka mzima. Itabeba nini! Kila aliyekutana naye alikuwa na neno hilo mdomoni kama pipi. Bodaboda wa stendi ya Ngara: Bibi, itabeba nini? Mwenyekiti wa kigango, baada ya misa: Mama Anjelika, si bora ununue Probox, ibebe ndizi? Mkwe wake akapiga simu kutoka Kahama kusema kwamba ng'ombe wake akiwauza vizuri atapata pikipiki mbili za kukodisha, zibebe abiria.

"Nimebeba," alimjibu mkwewe, na simu ilikuwa haihitajiki, angeweza kumsikia bila mtandao. "Nimebeba maji, nimebeba mahindi, nimebeba wazazi na maiti. Miaka arobaini naendesha magari ya watu na kila gari limejaa mizigo ya watu. Hata siku moja sijapanda gari tupu! Sasa nataka gari ambalo haliwezi kubeba kitu. Mkungu mmoja wa ndizi usiingie. Gari litanibeba mimi. Umesikia? Mimi!"

Akakata simu. Anjelika akarudi kumenya ndizi, taratibu, maana kisu kilikuwa mkononi mwake lakini hatari haikuwa kwake.

*

Ndikumana wa Nyantakara alikuwa mzee mfupi, mjane, Mrundi wa zile familia zilizovuka mpaka mwaka wa sabini na mbili. Ujanani alikuwa mpishi wa kampuni iliyokuwa ikichonga barabara. Mhandisi mmoja wa kigeni, alipomaliza mkataba wake, aliona gari lake halifai kusafirishwa kwao, akamwandikishia Ndikumana. Ndikumana hakuwa na leseni, wala hakupata kujifunza. Alilijengea ghala la matofali, akaliinua juu ya magogo ili matairi yasiguse udongo, akalifunika mikeka. Kila Pasaka alifunua mikeka, akaliwasha, watoto wa kijiji wakapiga makofi, akalizima. Sadaka yake ilikuwa hiyo.

"Haijarara nje hata siku moja," alisema, kwa ile *r* ya kwao iliyokataa kumtoka. "Hata mimi nimerara nje. Yeye hapana."

Consolatha alisogea kwenye gari. Alipiga magoti, ingawa yanamuuma, akainua zulia la sakafuni na kuchokonoa bati kwa bisibisi akitafuta kutu. Akagonga mlango kwa kifundo cha kidole kama anayechagua chungu sokoni, akisikiliza kama kuna mahali palipozibwa. Akachomoa kijiti cha oili, akainusa, akaisugua kati ya vidole. Ngeleja alikuwa amesimama kando, mikono kifuani, anacheka kimya kimya. Hakuachiwa kazi yoyote.

"Dashibodi imepasuka," akasema Consolatha.

"Jua ra dirishani," akasema Ndikumana.

"Matairi yamekauka. Breki zimeshika. Na hivi viti vya nyuma, ameketi nani hapa, kuku?"

"Hajaketi mtu."

"Ndiyo maana hawaitaki." Alisimama, akajipangusa vumbi. Uso wake ulikuwa mkali kama wa mtu aliyetukanwa, lakini Ngeleja, aliyemfahamu, aliona vidole vyake vimebaki juu ya bati lile la haradali na havitaki kuondoka. "Unataka ng'ombe wangapi?"

Maana fedha hakuwa nazo. Ng'ombe alikuwa nao wanne, hao tu.

"Watatu," alisema Ndikumana.

"Watatu! Gari hili linakamuliwa?"

"Ng'ombe wako anawashwa kwa ufunguo?"

Hapo ndipo Consolatha alipocheka, kwa mara ya kwanza mwezi ule. Wakakubaliana wawili, mmoja awe na mimba. Ndikumana akaleta pombe ya ndizi kwenye kibuyu, akamwita jirani yake Manirakiza awe shahidi, wakanywa watatu, Ngeleja akaonja kidogo akasema anaendesha. Neno likafungwa.

Sasa kuna jambo la watu hawa ambalo ni lazima lijulikane, maana ugomvi wote umetoka hapo. Consolatha na Ndikumana walilelewa pande mbili za mpaka, lakini katika kuuza ng'ombe walilelewa nyumba moja: ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Mwenye kuuza hufungua kamba yake shingoni mwa mnyama, akabaki nayo, akaitundika nyumbani, ili baraka ya zizi isiondoke na mguu wa ng'ombe. Mnunuzi huja na kamba yake. Ukiona mtu anadai na kamba, huyo ni mwizi au mgeni.

Na gari je? Gari nalo, kwa wazee wale wawili, lilikuwa na kamba. Ndikumana alifunga ufunguo wake kwenye uzi wa katani na kuutundika msumarini juu ya kitanda. Akamwazima Consolatha aende nao kwa fundi wa funguo pale Ngara mjini akachonge wake. Consolatha akachonga, akaujaribu, gari likaitika. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa kulia na wa kushoto ukiwa umeushika wa kulia kwa heshima, akamrudishia Ndikumana ule wa zamani.

"Kamba yako, mzee."

"Na wewe shika zako, mama."

Kweli, siku ng'ombe wale wawili walipopakiwa kwenye Fuso kuelekea Nyantakara, Consolatha alifungua kamba zao mwenyewe. Anjelika alitaka kuzitumia kufungia mbuzi, nusura apigwe. Zikatundikwa msumarini.

Gari likabaki ghalani kwa muda, mpaka Ngeleja apate mipira ya breki na matairi. Kadi ya gari wakasema wataenda kuibadilisha jina pamoja baada ya mavuno ya kahawa. Kahawa ilikuwa bado mtini Ndikumana alipoumwa kichomi, akafa.

*

Consolatha alikwenda msibani, akalia kwa haki, maana ni wachache waliopata kumjibu utani wake. Hakutaja gari. Mtu hazungumzii mali juu ya mkeka wa matanga. Alisubiri matanga yaishe, arobaini ipite, ndipo akarudi na Ngeleja, matairi manne, mipira ya breki, na ufunguo wake kwenye kitambaa.

Ghala lilikuwa na kufuli jipya.

Mbele ya kufuli alikuwa Derick, mtoto wa mwisho wa marehemu, anayeuza simu Katoro. Viatu vyeupe kwenye tope la Nyantakara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fungua."

"Nifungue nini, bibi?"

"Gari langu."

Derick akatabasamu, lile tabasamu la dukani la kumwambia mteja kuwa garantii imeisha. "Gari ya mzee ipo, bibi, ila haijauzwa. Kuna mtu Dar ameona picha. Gari kama hizo sasa zina bei, bibi. Bei ambayo wewe huijui."

"Baba yako aliniuzia."

"Basi ufunguo ungekuwa kwako. Ufunguo upo juu ya kitanda cha mzee, na uzi wake. Nani anauza gari akabaki na ufunguo? Hicho ulichonacho ni kopi, hata mwizi huchonga kopi."

Ngeleja alisimulia baadaye kwamba alirudi nyuma hatua moja bila kujua. Amemwona bibi huyu akimtukana askari wa barabarani mpaka askari akaomba radhi, lakini siku ile Consolatha hakutukana. Alivimba tu, shingo ikasimama, macho yakawa madogo. Angemtukana ingekuwa nafuu. Mtoto huyu amelelewa na kamba zikining'inia juu ya kichwa chake! Amekunywa maziwa ya ng'ombe walionunuliwa bila kamba! Na leo anajifanya mtu wa Ulaya.

"Twende kwa mwenyekiti," akasema.

Mwenyekiti wa kitongoji, Ferdinand, aliwakalisha kesho yake nje ya ofisi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kutoka mbali, mlima mihogo tu, asiyefuga hata mbuzi. Mambo ya kamba hakuyajua, na Derick alilijua hilo. Watu wakajaa. Habari ya bibi na gari la mbio ilikuwa tamu kuliko mechi.

"Ushahidi," alisema Ferdinand. "Nani aliona, ukimtoa fundi uliyekuja naye?"

"Manirakiza alikunywa pombe ya neno lile," akasema Consolatha.

Manirakiza akasimama, kofia mkononi, akimtazama Derick, kisha ardhi. Mfukoni mwake simu mpya ilikuwa imechungulia. "Pombe nilikunywa, mama," akasema. "Maneno sikuyanywa."

Watu wakacheka. Consolatha alimtazama mpaka kicheko kikafa chenyewe.

"Umri wako na wangu ni mmoja," akamwambia. "Mimi nimewaletea maji kambini ndugu zako, wengine nikawashika vichwa wanywe. Leo unanichezea maneno kwa ajili ya simu. Kaa chini, Manirakiza. Ukifa sitakuja."

Akakaa.

Ferdinand akakohoa. "Mama, nakuheshimu. Lakini tuseme ukweli, ufunguo halisi uko wapi?"

"Kwa Derick."

"Nani aliupeleka?"

"Mimi mwenyewe niliurudisha."

Minong'ono ikapanda. Derick akainua mikono kama mchezaji aliyefunga goli. "Mwenyekiti, umesikia! Kaurudisha mwenyewe! Alikuja kuangalia, akachonga kopi, akarudisha. Mwenye ufunguo ndiye mwenye gari. Mwenye kamba ndiye mwenye ng'ombe. Hata mtoto anajua."

"Rudia," alisema Consolatha, pole pole.

"Nirudie nini?"

"Hilo la mwisho. Rudia mwenyekiti asikie vizuri, na Manirakiza naye anywe."

Derick alisita, lakini watu walikuwa wanatazama, na mtu aliyevaa viatu vyeupe haogopi bibi. "Mwenye kamba ndiye mwenye ng'ombe."

Consolatha akageuka. "Anjelika, lete mfuko."

Anjelika alikuwa amefika na basi la asubuhi, hajui ameitiwa nini, ila ameambiwa alete vile vilivyo msumarini na asiulize. Akafungua mfuko wa salfeti. Mama yake akatoa kamba ya kwanza, akaiweka mezani kwa mwenyekiti. Ilikuwa bado na manyoya mekundu ya shingo ya ng'ombe. Akatoa ya pili, yenye manyoya meusi.

"Ng'ombe mwekundu wa pembe moja iliyoinama, yuko zizini kwa nani?"

Sauti moja ya mwanamke nyuma ikasema, "Kwa kina Derick. Alizaa juzi."

"Na mweusi wa baka la paji?"

Hapo watu wakaanza kucheka kabla ya jibu, maana kila mtu Nyantakara alijua. Mweusi wa baka la paji alikuwa ameshavuka kilima wiki iliyopita, ametangulizwa kwa wakwe wa Derick. Ndiye mahari. Ndoa ilikuwa mwezi ujao.

"Hao ni wetu," Derick akasema haraka. "Mzee aliwanunua."

"Kwa nini?"

"Nini kwa nini?"

"Aliwanunua kwa kitu gani, mtoto wangu? Baba yako alikuwa na nini cha kununulia ng'ombe wawili kwa siku moja? Alikuwa na gari." Sauti yake sasa ilipanda, na hakuna aliyecheka tena. "Lakini tuache hilo. Tufuate sheria yako. Mwenye kamba ndiye mwenye ng'ombe. Kamba ni hizi. Gari halijauzwa? Vizuri, kaa nalo. Mimi naondoka na ng'ombe wangu mwekundu, na ndama, na maziwa yote mliyokamua mtanilipa kwa lita. Halafu utanisindikiza kwa wakwe zako. Utaingia mbele, mimi nyuma na kamba. Utawaambia, 'Baba, mama, naombeni ng'ombe, hakuwa wangu.' Chagua!"

Ferdinand alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Hata mlima mihogo anajua maana ya kwenda kurudisha mahari.

"Na yule mtu wako wa Dar," akamalizia Consolatha, kama anayekumbuka kitu kidogo, "ulimwambia ina viti vya nyuma?"

Derick akatoa ufunguo wa kufuli mfukoni, akauweka mezani. Ngeleja akaangua kile kicheko chake kikubwa, na hapo kikao kikavunjika.

*

Walifunga breki mpya mchana huo huo. Consolatha aliingia kwenye kiti cha chini kile kwa shida, akilaani magoti, akilaani waliotengeneza gari la watu wasio na magoti. Akaingiza ufunguo wake. Gari likakohoa, likakohoa tena, kisha likanguruma kwa sauti nene ambayo Nyantakara ilikuwa ikiisikia Pasaka tu.

Derick alikuja mpaka dirishani. Viatu havikuwa vyeupe tena. Mkononi alikuwa na ufunguo wa baba yake na uzi wake wa katani, anaunyoosha kwa mikono miwili.

"Chukua, bibi. Yaishe."

Pengine alidhani anafanya jema. Consolatha aliutazama ule uzi, umekuwa mweusi kwa jasho la vidole vya Ndikumana, na hasira iliyokuwa imeanza kupoa ikamrudia yote.

"Bado hujaelewa! Nimepiga kelele siku mbili, na bado! Huo si wangu. Ningeuchukua huo ningekuwa mwizi kama wewe. Unanipa kitu cha marehemu, nikifanyie nini?" Akauzima moto wa gari ili asikike vizuri. "Sikiliza. Kesho kutwa utasimama na mimi Ngara, ofisini, uiandikishe ile kadi, maana baba yako alikufa na neno hilo mdomoni na wewe ndiye mdomo wake sasa. Hiyo ni moja, na hiyo ni rahisi. Lakini huu ufunguo, utaurudisha kwenye msumari ule ule. Si kwenye sanduku, wala si kwenye duka lako. Msumarini. Unaoa mwezi ujao, utazaa. Mtoto wako akifika umri wa kuuliza 'baba, huu ufunguo wa nini, gari liko wapi?', utamkalisha umwambie yote. Na kuhusu kufuli utamwambia. Na kuhusu viatu."

"Bibi..."

"Usiniite bibi kabla hujaitika."

"Nimeitika."

"Sijasikia."

"Nimeitika, mama. Nitautundika."

"Haya, kautundike sasa. Nitakaa hapa mpaka nikuone unatoka mikono mitupu."

Anjelika alikuwa anazunguka upande wa pili, amebeba mfuko wa kamba na mkungu mdogo wa ndizi aliopewa na majirani, akitafuta mahali pa kuuweka. Mama yake akamtazama tu. Anjelika akaurudisha mkungu chini kwenye majani, akaingia na kamba peke yake. Wote wawili wakakaa wakiutazama mlango wa nyumba ya Ndikumana.